Maandishi ya Kifuani kwa Aubrey Stannard

Jumatatu, 8 Januari 1979

Shajara hii nimepewa na dada yangu Edna sikukuu ya Krismasi. Anasema nina maneno mengi mno, na nikiyaandika nitampunguzia mke wangu kelele. Haya, naandika. Theluji imeganda barabarani, madereva wa malori wamegoma, na leo tumeanza filamu mpya pale studio za Cobbold. Ni filamu ya anga: watu wanakwenda sayari ya mbali, wanapotea, mkubwa wao anakufa mwishoni. Mimi, Clifford Tansley, fundi wa vifaa, nimepewa visanduku vya kifuani vya suti za wanaanga. Kila kisanduku nakitengenezea pacha wake, kimoja cha kuvaliwa na kimoja cha akiba cha kukaa kabatini, kwa sababu waigizaji huanguka na vitu huvunjika.

Noreen, mke wangu, amepewa maandishi yote. Milango, helmeti, mikebe, suti, kila chenye herufi ni chake. Mwongozaji ni kijana anaitwa Pascoe, na anataka maandishi ambayo mtazamaji hawezi kuyasoma lakini anaamini kabisa kwamba kuna watu huyasoma kila siku. Noreen alirudi nyumbani anaimba.

Jumatano, 10 Januari

Baridi. Petroli hakuna. Tumekwenda stesheni kwa miguu tukigombana kuhusu glavu.

Ijumaa, 12 Januari

Tukiwa mezani na samaki na chipsi, Noreen alinionyesha karatasi ya herufi zake mpya akaniuliza naona nini. Nilimwambia naona chawa waliopondwa. Alifurahi sana, akaikunja karatasi akaitia mkobani. Nilimwuliza zinasomwaje. Akasema siri ya kazi.

Sikuona ubaya. Kwenye kazi yetu kila mtu huficha lake ndani ya maandishi, maana kamera haisomi. Perce, fundi wa plasta, mlango mkuu wa chombo cha anga ameupiga muhuri wa matokeo ya mechi ya Watford, na filamu iliyopita jina la mbwa wake lilikuwa kwenye kila bunduki. Ndiyo desturi, na hakuna mkubwa anayeuliza.

Jumatatu, 15 Januari

Leo amefika Aubrey Stannard, ndiye nahodha wa chombo. Ana miaka hamsini na minane, mimi arobaini na tisa, lakini ukitusimamisha pamoja utadhani mimi ndiye kaka mkubwa. Nywele zake nyeupe zimelala zenyewe kama zimepigwa pasi, na sauti yake hufika chumbani kabla yake. Alituuliza majina yetu, akatuita kwa majina hayo, na baada ya chai akatuuliza upya. Nikasema moyoni, wakubwa ndivyo walivyo.

Alipofika kwa Noreen alimshika mkono akauinamia. Mke wangu, ambaye mimi nikimshika mkono huniuliza kama nimenawa, aliiva wekundu hadi shingoni.

"Cliff," Perce akaninong'oneza, "naona Mungu kakuletea mume mwenza."

Nilicheka. Nilicheka kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 24 Januari

Theluji usiku kucha. Nusu ya watu hawakufika kazini, lakini Stannard alifika na Noreen alifika. Nilipeleka kisanduku cha nahodha chumba cha mavazi nikakuta mlango umefungwa. Kabla sijagonga nilisikia sauti mbili, ya Stannard ikisema kitu na ya Noreen ikikirudia, au kinyume chake. Nilipogonga zikanyamaza. Stannard alikuwa amesimama ndani ya suti, Noreen amempigia magoti na brashi mkononi akimwandika kifuani, na yeye ameinua mkono anajitazama kwenye kioo kidogo kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono.

Kioo hicho ni wazo la Pascoe. Suti ina pete ngumu ya shingo, aliyeivaa hawezi kuinamisha kichwa aone kifua chake mwenyewe, kwa hiyo husoma kisanduku kupitia kioo cha mkononi. Sawa. Lakini mtu anayesoma kipimo cha hewa hatabasamu vile.

Nilisema nimeleta kisanduku. Noreen akasema niweke pale. Sikuombwa nikae.

Ijumaa, 26 Januari

Nimegundua jambo. Suti za waigizaji wengine ziliandikwa mara moja na maandishi yamebaki vilevile. Ya Stannard hufutwa kwa pamba na spiriti kila jioni, na kila asubuhi Noreen huandika mapya. Nilimwuliza sababu tukiwa kwenye treni. Akasema Pascoe ndiye anataka.

Leo nikakutana na Pascoe kantini, nikamwuliza kwa njia ya mzaha. Hakujua nazungumzia nini.

Yaani kanidanganya. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na uongo wa kwanza ninaoukamata unahusu kifua cha mwanamume mwingine.

Ijumaa, 2 Februari

Zamani kwa Noreen alikuwa Bwana Stannard. Tangu Jumanne ni Aubrey. Aubrey kasema hivi, Aubrey hapendi chai yenye sukari. Mimi pia siipendi chai yenye sukari, nilikuwa nikiinywa kwa sababu Noreen huitia.

Jumatatu, 5 Februari

Mvua ya barafu. Sikuongea na mtu.

Ijumaa, 9 Februari

Suti ya nahodha ilikuwa imetundikwa, nikasimama mbele yake nikijitia kukaza skrubu. Nimeyatazama maandishi hadi macho yakaniuma. Mistari sita midogo, safi, kila herufi imekaa mahali pake. Mwandiko ule naujua, ndio ulioandika kadi ya harusi yetu. Kwenye suti za wengine alipitisha mkono haraka kama anayelipua kazi. Hapa ametulia. Mtu hatulii vile kwa ajili ya herufi zisizo na maana.

Nilimwita Perce aone. Perce akakuna kidevu akasema kila mtu huficha kitu, hata yeye, na kwamba mwanamke akimwandikia mwanamume kila asubuhi kitu ambacho mumewe hawezi kukisoma, yeye Perce hana la kuongeza. Kisha akaongeza.

"Ila mimi ningekuwa wewe, ndugu yangu, ningejua kusoma upesi."

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nimekaza mkanda wangu tundu moja ndani wiki hii.

Jumatano, 14 Februari

Dhoruba ya theluji, na ni siku ya wapendanao. Niliamka mapema nikaacha kadi na boksi la chokoleti mezani karibu na birika, nikarudi kitandani nisubiri aone. Nilisikia mlango wa mbele ukifungwa. Niliposhuka, kadi ilikuwa haijafunguliwa. Kikombe chake kilikuwa juu yake, kimeacha duara la chai kwenye bahasha.

Aliwahi treni ya kwanza kwenye dhoruba ile akamwandike Stannard kifuani. Kesho wanapiga picha ya hotuba kubwa ya nahodha, na leo walikuwa wakifanya mazoezi. Nimeyaona maandishi mapya. Hayakuwa mistari sita. Yamejaa kisanduku kizima, kutoka ukingo hadi ukingo, na mengine yametambaa hadi kwenye mkanda.

Nimeila chokoleti yote mwenyewe.

Alhamisi, 15 Februari

Nimefanya jambo na naliandika lilivyo.

Kile kisanduku cha akiba cha nahodha kilikuwa kabatini kwangu, kitupu. Sisi mafundi tuna zile karatasi za herufi za kubandika, unaweka juu, unasugua, herufi inashika. Herufi za kawaida huisha kwanza, na kwenye kila karatasi hubaki makombo yasiyotakiwa na mtu, Q na X na Z. Nilichukua makombo hayo nikayabandika kwenye kisanduku kitupu, mengine nikayalaza, mengine nikayapindua. Kwa mbali hakuna ambaye angetofautisha. Watu walipokwenda kula, nilikwenda kwenye suti, nikafungua skrubu nne, nikatoa kisanduku alichoandika mke wangu nikaweka changu. Chake nikakifunga kwenye kitambaa nikakitia sandukuni mwa vifaa.

Kusema kweli nilijisikia vizuri. Niliona nimemtoa mke wangu kifuani kwa mtu, basi. Nikaenda kula pudini.

Baada ya chakula wakaanza. Hotuba yenyewe ni ile ambayo nahodha anawaambia wenzake kwamba mafuta hayatoshi kuwarudisha wote. Stannard alisimama katikati ya seti, taa zote juu yake. Akainua mkono akatazama kioo cha kifundoni, kama afanyavyo siku zote, jambo ambalo Pascoe hulisifu sana kwamba nahodha anapima hewa yake. Akasema, "Rafiki zangu." Akatazama tena kioo. Hakusema kitu.

Pascoe akasema kata. Wakaanza upya. "Rafiki zangu," akasema, na kimya. Akaugeuza mkono huku na huku, akakisogeza kioo karibu na uso, kama mtu aliyedondosha sarafu na anaitafuta kwenye nyufa za sakafu. Mara ya tatu hata hilo la rafiki zangu hakulisema. Jasho lilimtoka pembeni mwa nywele zake nzuri. Kila mtu kwenye seti alitazama viatu vyake.

"Samahanini," akasema, na haikuwa ile sauti yake. "Kuna mtu anaweza kuniambia nimefikia wapi?"

Hakuwa amefikia popote. Bwana wa kampuni iliyoikatia filamu yetu bima, ambaye huja kunywa chai yetu bure, aliacha kikombe chake akasogea mbele.

Noreen ndiye aliyekwenda. Alipita katikati ya taa na brashi yake mkononi, kana kwamba kuna rangi ya kurekebisha, akasimama mbele ya Stannard, akakitazama kisanduku. Akakitambua. Makombo yangu anayajua. Akageuka akanitafuta kati ya watu hadi akanipata. Hakuwa na hasira usoni. Alinitazama kama mtu anayesoma jina la kituo na kuona kwamba amepanda treni isiyo yake.

Picha za leo zimeahirishwa.

Ijumaa, 16 Februari

Leo asubuhi Noreen alikuwa amekaa mezani na koti lake, na kile kisanduku kilichofungwa kwenye kitambaa kiko mbele yake. Alikuwa amekitoa sandukuni mwangu mwenyewe. Akakichukua, akanipeleka bafuni, akakiinua mbele ya kioo cha kunyolea.

"Soma," akasema.

Nikamwambia siwezi. Akasema herufi ni zilezile za siku zote, ila kila moja ameikata mguu na zote ameziandika kinyume, zisomwe kwenye kioo. Niongeze miguu kwa macho. Nikaongeza. Mara maandishi yakafunguka yote kwa pamoja, na sijui kwa nini sikuwa nimeyaona. Yalisema: Rafiki zangu, mafuta tuliyonayo yanatosha kuwarudisha nusu yetu, nami nimeshachagua nitakuwa nusu ipi. Na kuendelea hadi chini. Nilitafuta neno la mapenzi. Nimeona aibu kuandika kwamba nilitafuta hadi mstari wa mwisho.

"Ni maneno yake ya kwenye filamu, Cliff. Basi."

Akaniambia yote akiwa amekaa ukingoni mwa bafu. Oktoba Stannard alipigwa na kiharusi kidogo. Hatembei vibaya, haongei vibaya, na michezo aliyoigiza ujanani anaweza kukutolea yote bila kukosea. Kipya ndicho hakikai. Anajifunza asubuhi, mchana kimekwenda. Alimwomba Noreen siku ile ya kwanza, kwa sababu aliona herufi zake, akafikiri pengine kuna njia. Kila asubuhi Noreen alimwandikia maneno ya siku hiyo, wakafanya mazoezi ya kuyasoma kwenye kioo bila kuonekana anasoma. Watu wa bima wakijua, anaondolewa, na baada ya hapo hakuna atakayemchukua tena maisha yake yote.

Nikasema angeniambia mimi.

"Aliniomba nisimwambie mtu."

"Mimi ni mtu? Mimi ni mumeo. Nilikuuliza kwenye treni, ukanidanganya."

"Nilikudanganya, ndiyo. Kwa ajili ya kazi ya mtu. Na wewe umemvua nguo mbele ya watu wote wale, kwa ajili ya nini?"

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa la kijinga, naye alilijua.

Akasema niende kwa Edna. Hakusema mpaka lini.

Jumatatu, 19 Februari

Nilikwenda kwa Pascoe nikamwambia kosa ni langu. Nikasema Alhamisi niliweka kisanduku cha akiba ambacho skrubu zake zilikuwa ndefu, zikamchoma mzee wa watu kifuani, akakosa pumzi, na kwa heshima zake hakutaka kulalamika. Pascoe akaamini, au akapenda kuamini. Yule bwana wa bima alinisikiliza bila kupepesa macho. Akasema sawa, wataona.

Wamenitoa kwenye vifaa vya waigizaji wakuu. Sasa natengeneza mikebe ya nyuma ya seti. Perce kasema sifa ya fundi ni kama kikombe cha udongo, na changu nimekidondosha kwa makusudi, mbele ya watu.

Alhamisi, 22 Februari

Kwa Edna. Kochi lake ni fupi. Paka wake halali, na kwa hiyo mimi silali.

Jumatatu, 26 Februari

Theluji inayeyuka. Hotuba ile wamepiga picha leo upya, na Stannard aliitoa yote, na baadhi ya mafundi walilia. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao nikipaka rangi mkebe. Nilimwona Noreen kwa pembeni. Midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na maneno ya Stannard.

Alhamisi, 1 Machi

Nilidhani nikishajua ukweli wivu utaniacha. Haujaniacha. Umebadili chumba tu. Kama yangekuwa mapenzi ningejua la kuchukia, ningempiga mtu ngumi, ningelia, yangekwisha. Lakini yule bwana alimpa mke wangu siri yake nzima, naye akaibeba kwenye theluji kila asubuhi, akapiga magoti, akaiandika kwa mkono uliotulia. Mimi sijawahi kumpa siri. Sijui hata kama ninayo.

Jumatatu, 5 Machi

Noreen alikuja karakana. Perce akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwingine.

Aliongea akitazama mikebe. Ijumaa wanapiga picha ya kifo cha nahodha, yuko kitandani, kwenye shati, hana suti wala kioo, anaagana na mwenzake mmoja aliyesimama mbele yake. Maneno ni mengi. Bwana wa bima amesema atasimama nyuma ya kamera yeye mwenyewe, na Stannard akishindwa mara hii, nafasi yake atapewa mwingine na picha zitapigwa upya tangu mwanzo. Pa kuandika ni mahali pamoja tu. Yule mwenzake amevaa suti, kamera inamwona mgongo, kifua chake kinamwelekea Stannard. Mwigizaji mwenyewe hahitajiki kwa kuwa uso hauonekani. Inatakiwa mtu wa kusimama.

"Awe mtu anayejua kunyamaza," akasema. "Na asitikisike."

Nilimwuliza kwa nini asimchukue Perce.

"Perce hapumui bila kucheka. Na Perce hakumharibia mtu kitu."

Nikasema nitasimama.

Alhamisi, 8 Machi

Leo ameniandika. Kisanduku hakikutosha, akaandika hadi tumboni, kwa hiyo ilibidi niwe ndani ya suti, pete ya shingo imenibana, macho yangu yametazama ukutani. Alianza juu akashuka. Nilisikia brashi kupitia kitambaa. Nilisikia pumzi zake. Miaka mingi hajawahi kukaa karibu nami kwa muda mrefu hivyo bila kunituma kitu.

Nilimwuliza maneno yanasemaje. Ingawa herufi mara hii haziko kinyume, nikijitazama kwenye kile kioo kirefu cha chumba cha mavazi pengine ningeambulia. Akainuka, akakigeuza kioo kikatazama ukuta, akarudi akapiga magoti.

"Si yako, Cliff. Utayasikia kesho kama watu wengine."

Nikanyamaza. Ndiyo kazi niliyopewa. Lakini hapa naweza kusema: mke wangu alikuwa ananiandika mwilini maneno ya mwanamume mwingine, ayasome mwanamume huyohuyo, na mimi nilikuwa karatasi. Nimeumia kuliko ile siku ya kadi. Na bado sikutaka amalize.

Alipofika chini kabisa, karibu na mkanda, alisimama kidogo, akafikiri, akachovya brashi tena. Kisha akaniambia nivue.

Ijumaa, 9 Machi

Walinisimamisha mwisho wa kitanda. Stannard alilala kwenye mito, shati jeupe wazi shingoni, uso wamempaka rangi ya ugonjwa, na chini ya rangi hiyo alikuwa mgonjwa kweli kwa hofu, niliona mishipa ikimpiga. Nyuma ya kamera alisimama bwana wa bima, mikono nyuma. Noreen alikuwa karibu na taa. Hakunitazama mimi, alikuwa akimtazama yeye.

Stannard akainua macho akayaweka kifuani kwangu.

Sijui kama kuna mtu amewahi kukutazama hivyo. Mimi sijatazamwa hivyo na yeyote. Macho yake yalishuka polepole, kutoka mfupa wa bega hadi mbavu, mstari baada ya mstari, na alikuwa akisema kwamba haogopi, kwamba anaogopa kidogo, kwamba mwenzake awaambie wa nyumbani alikufa anawaza mvua. Sauti yake haikuinuka. Nilijua anasoma. Najua kila herufi imewekwa na nani na kwa brashi ipi. Lakini nilisimama pale nikaamini kwamba ananipenda na kwamba anakufa. Nikajikaza. Kama ningetikisika angepoteza mstari. Mara moja alisita, macho yakazunguka, nikajua amepotea, nikavuta pumzi nikajaza kifua maandishi yatanuke. Akayapata. Akaendelea hadi neno la mwisho, akafumba macho.

Pascoe akasema kata, kwa sauti ndogo, kisha akasema hatutarudia, inatosha. Bwana wa bima alivaa kofia yake, akaenda kutafuta chai.

Watu walikuwa wakizima taa. Stannard alifumbua macho lakini hakuinuka. Alinishika kwenye mkono wa suti akanivuta karibu.

"Bwana Tansley," akasema, "hapo chini kwenye mkanda pana mstari mmoja ambao si wangu. Nilikaribia kuusema mbele ya kamera."

Nilimwuliza unasemaje. Akatazama tena, kuhakikisha. Kisha akaniambia, kwa sauti ileile aliyofia nayo.

"Jumapili saa saba nyama itakuwa tayari. Uje na viazi. Usichelewe."

Nilitaka kumkumbatia yule mzee, na nilitaka pia kumsukuma atoke kitandani. Noreen alikuja na pamba na spiriti, akaanza kunifuta kutoka juu. Nikamwambia nimepata ujumbe. Akasema vizuri. Nikamwambia kwamba Stannard ndiye aliyenisomea. Akasema alijua, kwani mimi ningeusomaje, nina pete shingoni. Akaendelea kufuta. Alipofika kwenye mkanda nilimshika mkono, nikamwomba mstari ule auache.

Akaufuta. Akasema suti si yangu.

Jumamosi, 10 Machi

Nimenunua viazi. Edna anasema nishukuru, na nashukuru, nimeshakunja mablanketi. Kesho nitakwenda kabla ya saa saba. Nitakula nyama, nitaosha vyombo, nitamwomba radhi bila kuzunguka. Kisha nitampa kalamu nimwombe aniandikie tena maneno yale ya Jumapili na viazi, kwa herufi za kawaida zenye miguu yake yote, mahali ambapo mtu wa kwanza kuyasoma nitakuwa mimi.